Mitraye yetu ifundishe watoto wetu

Siku moja ya lundi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zamu ya usiku ilikuwa inatoka. Waliniita haraka pa mlango wa sosiete moja ya hapa Kolwezi. Jina lake silitaji, dosie imekwisha na sitaki kuifungua tena. Walinzi walikuwa wamekamata kijana mmoja wa Mutoshi, miaka 23, kibarua wa sosiete ndogo inayofanya kazi ndani ya ile kubwa. Ndani ya saki yake mlikuwa maneti mbili za pele, zile operatere anashikaka moja kwa mkono wa kushoto, moja kwa mkono wa kuume. Zote mbili zilikuwa zimekufa. Mpira umeliwa, vifungo havipo. Alizitoa ndani ya sanduku la mitraye, si ndani ya magazeni.

Mimi ni delege wa sendika, kazi yangu ni kusimama na mfanyakazi. Nilimwuliza: "We mutoto, bintu hii unaendaka kuuzisha wapi?" Akajibu, macho chini: "Papa delege, siuziche. Ninaweka ku masini yangu ya ku nyumba." Walinzi walicheka. Hata mimi cheko kilinifika pa mdomo. Mtu iko na masini ku nyumba, na kazini anakuja kwa miguu?

Dosie ile sikuishinda. Sheria ya ndani inasema kitu chochote kinachotoka bila karatasi ni wizi, hata kama ni takataka. Kijana alipoteza kazi siku ileile. Sisemi kama sheria ile ni mbaya. Sisi wote tunajua bile vinapitaka pa ukuta usiku: nyuzi za shaba, mazut, batri. Lakini jioni nilienda kwao kuona hiyo masini. Ile niliyoona njo inanifanya niandike leo.

Ni chumba kidogo cha matofali ndani ya lupango ya mama yake. Katikati kuna kiti cha kamyo, kiti cha kweli, kile cha kuruka na hewa. Mfuko wa hewa ulipasuka, akaweka resore za motoka ya zamani pa nafasi yake. Mbele ya kiti kuna volani ya Howo iliyotoka kwa kamyo iliyopinduka. Chini kuna pedale mbili. Mbele ya vyote kuna televizyo ya zamani na ordinatere ambayo feni yake inalia sawa mbuzi. Wazungu wanaita kitu kama hicho simulatere: unaendesha, lakini hakuna gurudumu linalosogea.

Acha nieleze vile inatumika, juu wengi wanafikiri ni mchezo wa watoto ama ni uchawi. Ordinatere haijui volani. Inajua paka namba. Basi kazi yote ni kugeuza mwendo wa mkono na wa mguu kuwa namba. Ile inayofanya hivyo njo potansyometre, kitu kilekile kilicho nyuma ya kifungo cha sauti cha radio. Unazungusha, kuran inapanda ama inashuka kati ya volti 0 na volti 5. Kadi moja ya elektroniki, ndogo kuliko pakiti ya sigara, inaitwa Arduino, inasoma ile kuran na kuifanya namba toka 0 mpaka 1023. Halafu inaambia ordinatere kwa waya moja: mimi ni volani, mtu amekata kuume. Kadi hiyo ilizaliwa 2005 ku Ivrea, muji mdogo wa Italia, ili wanafunzi wasio na feza nyingi watengeneze vitu vyao wenyewe. Haikuzaliwa juu ya matajiri.

Sasa angalia akili ya huyu kijana. Pedale ya moto ya kamyo ya kisasa iko na kipimo cha kuran ndani yake, yenyewe inatoaka volti. Basi hakubadilisha kitu. Aliunga nyuzi tatu, ikasema. Pedale ya fure ni shida ingine. Kwa kamyo, fure ni ya hewa, mguu unasukuma valve, hakuna kuran. Alitoa vitu vya ndani, akaweka resore mbili, moja laini na moja ngumu, ili mguu uingie mwepesi pa mwanzo na ukatazwe pa mwisho, sawa fure ya kweli. Pembeni akafunga potansyometre ya radio. Volani nayo inazunguka mara nyingi toka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kuume, na potansyometre haimalizi hata duara moja. Alichukua magurudumu mawili ya meno ndani ya fotokopi iliyokufa, moja dogo, moja kubwa. Volani ikizunguka mara ine, potansyometre inasogea pungufu ya mara moja. Hakuna aliyemfundisha hesabu hiyo. Aliipata kwa kukosea.

Na maneti? Zile za pele za zamani hazina kuran, zinafungua mafuta ya idroliki. Alitaka kukata chini, kuacha mpini wa juu, na kuweka potansyometre mbili kwa kila mpini: moja ya mbele na nyuma, moja ya kushoto na kuume. Zile njo alikamatwa nazo. Nafasi yao pa kiti iko wazi mpaka leo.

Nilikaa. Mimi niliendesha bene myaka 9 kabla sijaingia ndani ya mambo ya sendika. Nilianza kwa kucheka, halafu nikanyamaza. Mguu wangu ulitafuta fure pa mahali pake, na ilikuwa pale. Ku ekrani ilikuwa njia ya Ulaya, mchezo unaoitwa Euro Truck Simulator 2, wa watu wa Prague, uliotoka 2012. Mvua, vibao vya kijerumani, hakuna hata mtu mmoja anayeuzisha makala pa njia. Lakini kurudisha trela nyuma ku Ujerumani na kurudisha trela nyuma ku Kasumbalesa ni shida moja: unakata kushoto, trela inaenda kuume. Nilijaribu mara tatu kuingia pa mahali pa kupakulia. Mara ya tatu niliingia. Mazut iliyounguzwa: sufuri.

Kuna watakaosema: kwa nini asinunue volani ya plastiki ya kuchezea? Jibu ni mwili. Mkono na mguu vinajifunza uzito, umbali na kipimo. Volani ndogo ya plastiki inafundisha mkono uongo. Volani ya kamyo, kiti cha kamyo, pedale ya kamyo, hivyo vinafundisha ukweli hata kama njia ni picha. Ndiyo maana sosiete zinazotengeneza simulatere kubwa za mine, kama Immersive Technologies ya Australia na ThoroughTec ya Afrika Kusini, zinajenga kabine inayofanana na ile ya masini yenyewe. Kijana wa Mutoshi anafuata akili ileile. Tofauti ni kwamba wao wananunua vipya, na yeye anaokota.

Nitoe mfano mmoja ambao kila operatere anaujua. Kwa pele, maneti ziko na mipango miwili. Kwa mpango mmoja, mkono wa kuume ukisukuma mbele, mkono mkubwa wa masini unashuka. Kwa mpango mwingine, kazi hiyo iko kwa mkono wa kushoto. Mtu amezoea wa kwanza, unamuweka kwa masini ya wa pili, siku yote akili inapigana na mikono. Na mikono njo inashindaka. Nimeona kwa macho yangu ndoo ikishuka pa kabine ya kamyo wakati operatere alitaka kuipandisha. Shofere alikuwa ametoka kukojoa. Mungu njo alimtoa. Kwa simulatere, kubadilisha mpango ni kubadilisha mistari miwili ya programu. Unakosea mara mia, hakuna mjane.

Wasomaji wengine watasema haya ni mambo mageni. Si mageni hata kidogo. Nani kati yetu, mtoto wa cité, hakutengeneza kamyo ya waya? Waya wa kulia, magurudumu ya kifuniko, na kijiti kirefu chenye volani juu, unasukuma ukitembea nyuma yake. Tulikuwa tunakata kona, tunapaki, tunalia "vuuu" kwa mdomo. Ile ilikuwa simulatere yetu ya kwanza. Huyu kijana hakuanza kitu kipya, amekataa tu kuacha.

Hata kwa wazungu mambo yalianza hivyo. Karibu 1910, Wafaransa walikuwa wanafundisha marubani wa ndege za Antoinette kwa pipa lililokatwa nusu: mwanafunzi anakaa juu, wenzake wanalisukuma, yeye anavuta maneti ili asawazishe. Halafu 1929, ku Binghamton kule Marekani, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na ogani, alichukua mifuko ya hewa na valve za ogani akatengeneza kindege kisichoruka, kinachoinama na kuyumba kama ndege ya kweli. Wanajeshi hawakumjali. Aliuzisha masini yake kwa bustani za michezo, watu wanalipa senti na kucheka. Mwaka 1934 jeshi lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Marubani wasiozoea kuruka ndani ya mawingu wakaanza kuanguka, wakafa wengi kwa majuma machache. Hapo njo jeshi likakumbuka yule mtu wa ogani, likanunua masini 6. Vita kubwa ya pili ilipofika, masini yake ilifundisha marubani zaidi ya laki tano.

Ninaomba wakubwa wetu wasome habari hiyo mara mbili. Kitu kilikuwapo tayari. Kilichokosekana ilikuwa heshima, na heshima ilikuja kisha maiti. Sisi hapa maiti hatukukosa. Februari 2019, pale Kabwe, pa njia yetu ya Lualaba, kamyo ya asidi iligongana na basi, watu kama makumi mbili walikufa. Sisemi kama simulatere ingezuia msiba ule. Ninasema: pa njia ambapo asidi, shaba, basi na baiskeli ya makala vinapita pamoja, kila saa moja ya kujifunza bila hatari ni saa ya maisha.

Sasa tuje pa kisa chenyewe, kazi. Soma matangazo ya kazi yanayobandikwa pa mlango wa sosiete: "operatere wa pele, uzoefu myaka 3", "shofere wa bene, uzoefu myaka 5". Kijana wa hapa ataupata wapi huo uzoefu kama hakuna anayemwacha kushika? Masomo ya kulipia yapo, lakini nimeona wazazi wakiuzisha kiwanja ili mtoto akae juu ya masini saa chache tu, halafu apewe karatasi. Karatasi anayo, mikono bado. Pa jaribio, dakika tano zinatosha kumfukuza. Na tunarudi nyumbani kusema "wanachukua paka watu wa mbali". Mara ingine ni kweli. Mara ingine, tuseme ukweli, mtoto wetu alishindwa juu hakupewa nafasi ya kukosea.

Wazee wetu walijifunza namna ingine. Walikuwa wanaita Gécamines baba na mama, juu ilikuwa na masomo yake, garaje zake, walimu wake wa ufundi. Tangu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa ile waliita kuondoka kwa hiari, na kila mtu hapa anajua hiari ile ilikuwa ya namna gani. Wale mekanisye bado wako. Wamekaa pa baraza, wanacheza damu. Mmoja wao njo alimwonyesha huyu kijana namna ya kufungua valve ya fure bila kuivunja. Alilipwa chai na mkate. Elimu ya nchi nzima inalipwa chai na mkate!

Ninajua wanayotaka kunijibu. Neno la kwanza: "Delege, unafungulia wezi mlango." Hapana. Leo mlango umefungwa, na wizi unaendelea. Ile ninaomba ni mlango wenye karatasi. Kitu kilichokufa kiandikwe namba, kipakwe rangi nyekundu ili kisirudi sokoni kama spea, mkubwa wa garaje aweke sahihi, mlinzi aweke sahihi, delege aweke sahihi. Mwizi hapendi sahihi tatu.

Neno la pili: "Mtu wa simulatere ataua watu, atafikiri anajua kuendesha." Hilo ni neno la kweli na sitalikimbia. Simulatere ya Mutoshi haina vumbi. Haina tope la mwezi wa pili. Haikuonyeshi namna tumbo linaingia ndani wakati bene ya tani 90 za mzigo inashuka kareri na unaona fure inapata moto. Haina woga, na shofere bila woga ni kaburi linalotembea. Kwa hiyo simulatere haitoi shofere. Inatoa mwanafunzi aliyekwisha kukosea makosa ya bule, ili saa chache za masini ya kweli zisiishe kwa kutafuta fure iko wapi.

Neno la tatu linatoka kwetu wenyewe, ndani ya sendika. Kamarade mmoja aliniambia: "Ukiwasifu hawa watoto, patron atasema, basi wajifundishe kwao, mimi silipi tena masomo." Woga huo ni mzuri, tuushike. Kila mwajiri analipa mchango wake kwa INPP, na INPP iko tangu 1964 juu ya kazi hiyohiyo. Masomo ndani ya kazi ni haki ya mfanyakazi, si zawadi. Masini ya chumba cha matofali isiwe sababu ya kukata hata saa moja ya masomo. Iwe mlango wa kuingilia, si ukuta wa kufungia.

Basi tunaomba nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja lenye bei ya kuogopesha.

La kwanza: kila sosiete ya mine ya Lualaba itoe mara moja kwa mwezi liste ya vitu vilivyokufa ambavyo havina hatari: viti, volani, pedale, maneti, vibao vya saa, nyuzi za ndani ya kabine. Si batri, si vitu vyenye mafuta, si vitu vilivyogusa asidi. Shule za ufundi na vikundi vya vijana vyenye karatasi viwe vya kwanza kuchukua, kabla ya mnunuzi wa mitraye. Leo tunauzisha vitu hivyo kwa kilo. Pedale inayoweza kufundisha watu makumi tano inapimwa pa mzani sawa na msumari.

La pili: nyumba moja ya kazi hapa Mutoshi. Sheria ya mine ya 2002, ile iliyobadilishwa 2018, inasema kila sosiete itoe angalau 0,3 % ya mapato ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mine. Tunaona feza hiyo ikijenga kuta na kuweka mabango mbele ya kuta. Vizuri, kuta tunazihitaji. Lakini chumba kimoja, ordinatere tano, panneau za jua juu kuran yetu mnaijua, na wazee watatu wa Gécamines wanaolipwa kama walimu: hivyo ni kitu kidogo sana ndani ya feza ile. Wanaokaa ndani ya komite ya dotation, ninawaambia ninyi kwanza: wekeni jambo hili pa meza.

La tatu: INPP ije kupima. Ichukue vijana kumi waliojifunza pa masini hizi na kumi ambao hawakujifunza, iwapande wote juu ya masini ya kweli, iangalie. Kama sisi ni waongo, itaonekana asubuhi moja tu. Kama si waongo, saa za simulatere ziandikwe ndani ya kitabu cha mwanafunzi.

Na ninyi vijana, neno langu ni fupi. Usiku musichukue kitu, hata kama kimekufa, hata kama kitatupwa kesho. Mlinzi hajui ndoto yako, anajua paka saki yako. Njooni kwa sendika kwanza. Mwaka huu nimeshindwa dosie moja ambayo ningeishinda kama kijana angenitafuta siku mbili mbele.

Haraka hii inatoka wapi? Kule Australia, eneo la Pilbara, Rio Tinto inaendesha kamyo bila shofere, na watu wanaoziangalia wanakaa Perth, kama kilometa 1500 mbali na kareri, mbele ya ekrani. Siku ile itafika hapa pia, mapema ama nyuma. Sitaipenda, na tutapigana ili isile mikate yetu. Lakini siku ile ikifika, sitaki kusikia tena kama hakuna mtoto wa Kolwezi aliyezoea kukaa mbele ya ekrani na kujua masini inafanya nini ng'ambo ya pili.

Maneti zile mbili zilirudishwa ndani ya sanduku la mitraye. Juma lililofuata kamyo ya mnunuzi ilikuja. Nilikuwa pa mlango, nikaona vinapimwa pamoja na mabati na bolti. Kijana sasa anasukuma chariot pa soko. Usiku, kuran ikirudi, anakaa pa kiti chake, mikono yote miwili hewani pa mahali maneti zingekuwa, anajifunza namna hiyo.